Kila Babu Alikuwa Chifu
Mtu akianza kuchimba ukoo wake huwa ameshamjua babu kabla ya kufungua jalada: ama alikuwa chifu, ama alishuka jahazini kutoka Shirazi. Wapagazi, inaelekea, walikufa wote bila kuacha mjukuu.

Na walivyokuwa wengi! Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwabebesha mizigo Waafrika Mashariki kwa malaki. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam leo.

Baada ya vita, Kenya ikamtundika mwanamume Mwafrika kipande cha utambulisho shingoni, ndani ya kikopo cha chuma: jina, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Shabaha ilikuwa kunasa watoro wa mashamba ya walowezi, si kuwafaa wajukuu.

Mjukuu akikuta kwenye kipande hicho babu kaandikwa “mpishi”, atakwambia karani alikosea. Na yule karani aliyeandika “chifu” kwenye jalada la jirani? Alihongwa.