Sifuri Tatu

"Kaka, kwani bando limeisha?"

Dada wa mapokezi aliuliza hivyo Jumatano iliyopita, saa nne na robo asubuhi, mbele ya wageni. Fundi wa mtandao, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya na bado hajapona, alikuwa ametoka kuandika amri moja tu.

Ofisi hulipia megabiti 20 kwa sekunde, lakini waya unaoingia ukutani ni wa gigabiti moja. Utamu wa kazi hii uko hapo. Ukiweka kwenye waya huo sera ya kuzipa simu kipaumbele, sera inalala fofofo, kwa sababu kipaumbele huamka foleni ikianza, na gigabiti haijai. Fikiria kivuko cha Magogoni: askari anayetanguliza gari la wagonjwa ana kazi pale tu magari yanapozuiwa getini. Yakiachwa yote yateremke, mwenye pantoni, yaani mtoa huduma, atayasukumia baharini yaliyozidi, bila kusikiliza king'ora.

Ndiyo maana sera hujengwa mbili, moja tumboni mwa nyenzake. Ile ya nje, mzazi, hukaa getini na kuhakikisha hazitoki zaidi ya megabiti 20, hivyo foleni inahamia uani kwetu, ndani ya ruta. Humo ile ya ndani, mtoto, huipanga: pakiti za sauti zenye alama 46 mbele, mfumo wa malipo unafuata, video za mpira zisubiri. Sauti haina subira. Ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja, watu huanza kukatana kauli. Faili linaweza kungoja. "Haloo" haiwezi.

Basi, kipimo. Kwenye ruta ile, amri ya kutangaza ukubwa wa njia husoma kilobiti, kwa hiyo 20000 ni megabiti 20. Amri ya mzazi, mistari michache chini yake, husoma biti. Fundi akaandika 20000 mara ya pili, akajipongeza kwa unadhifu, akabonyeza.

Ofisi nzima ikabaki na kilobiti 20, chini ya nusu ya modemu ya zamani ya kilobiti 56. Kutuma kiambatisho cha megabaiti moja, kikiwa peke yake njiani, kungechukua karibu dakika saba. Simu moja isiyobanwa hutaka kilobiti 64 kabla ya vichwa vya pakiti. Hata kupakua kulikwama, maana kila kinachopokelewa hudaiwa risiti, na risiti nazo zilikuwa foleni.

"Halijaisha, dada," akajibu. "Nimelibana."

Kosa ni lake, sawa. Lakini mzazi huyu hupanga zinazotoka tu. Zinazoingia hupangwa, au hutupwa, upande wa mtoa huduma, na huko mteja analipa kila mwezi bila ruhusa ya kuchungulia. Alama 46 ikifika kwenye mlango usiosoma alama, ni namba tu. Hilo halichekeshi.

Kabla ya Jumatano hiyo fundi huyuhuyu alijaribu kubandika foleni upande wa kuingia, ruta ikakataa. Siku nyingine aliitega ijiwashe upya baada ya dakika kumi, iwe kinga endapo angekosea. Hakukosea, akasahau kutegua.

Amri ya mzazi sasa inasomeka 20000000. Hesabu nawe, msomaji: sifuri saba.