Barua ya Wazi kwa Spotify: Mwanamuziki Mtoro na Wasikilizaji Waliomngoja

Kwa Wakuu wa Spotify,
Regeringsgatan,
Stockholm.

Ndugu Wakuu,

YAH: UTORO KAZINI WA MIAKA 14 NA WASIKILIZAJI WALIOUFUMBIA MACHO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msikilizaji wa kawaida, mkazi wa Rinkeby, safari moja ya treni ya chini ya ardhi kutoka ofisini kwenu. Kwa moyo wa utii naripoti kosa lililotendeka katika mji wenu huuhuu, na ambalo hadi leo halijachukuliwa hatua.

Mwaka 2020 mwanzilishi mwenza wa kampuni yenu, Daniel Ek, aliwaasa wanamuziki kwamba kurekodi mara moja kila baada ya miaka mitatu au minne hakutoshi tena. Anayetaka kuishi kwa muziki, alisema, awe karibu na mashabiki wake mfululizo. Mawaidha mazuri. Bahati mbaya yalichelewa kumfikia Michael Archer wa Richmond, Virginia, aliyejulikana kwa jina la D'Angelo.

Faili lake linatia aibu. Brown Sugar ilitoka mwaka 1995, Voodoo ikafuata Januari 2000, kisha kimya. Black Messiah, albamu ya kurejea kwake, ilitoka Desemba 2014. Hapo katikati pangetosha kuzaliwa mtoto na kumaliza shule ya msingi. Katika ofisi yoyote inayojiheshimu, kiti chake kingekuwa kimeshapewa mtu mwingine.

Tena safari ya kurejea aliianzia hapahapa Stockholm, chini ya pua zenu. Tarehe 26 Januari 2012, baada ya zaidi ya miaka kumi bila kupanda jukwaani kwa onyesho lake mwenyewe, mtoto huyo wa mhubiri wa Kipentekoste alipiga fanki yake katika ukumbi wa Filadelfia, mali ya Wapentekoste wa mji huu. Wakazi wa Stockholm walinunua tiketi na kumshangilia. Hakuna aliyemdai cheti cha daktari wala barua ya kujieleza.

Black Messiah yenyewe ilivunja kila utaratibu. Ilitoka tarehe 15 Desemba, karibu bila tangazo, wakati majarida mengi yalikuwa yameshachapisha orodha za albamu bora za mwaka. Ikajigamba kwamba imerekodiwa kwa kanda na mitambo ya kizamani, kana kwamba kompyuta hazijafika Marekani.

Wasikilizaji nao, badala ya kumsusia mtoro, wakaanza kubishana. Wapo waliolalamika kwamba maneno hayasikiki, anaimba kama mtu mwenye kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Wapo walioapa kwamba Voodoo haitapata mwenzake. Wengine wakajibu kwamba gitaa la besi la Pino Palladino na ngoma za Questlove zinajiburuza kwa makusudi, na asiyeelewa arudie kusikiliza usiku watoto wakilala. Na wapo walioichukia wiki ya kwanza, wiki ya tatu wakawa wanawahubiria majirani. Kura ya wahakiki iliyoendeshwa na gazeti la Village Voice ikaipa nafasi ya kwanza kwa mwaka 2014, mwaka ambao iliambulia wiki mbili tu za mwisho.

Maoni yote hayo, Wakuu, kwa mashine yenu ni hasara tupu. Yenyewe inajua jambo moja: wimbo ukisikilizwa sekunde 30, umehesabika. Aliyelia, aliyesinzia na aliyesahau simu ikiimba jikoni wana uzito mmoja. D'Angelo alipofariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 51, waliomsikiliza kwa majonzi waliingizwa katika hesabu ileile ya waliokuwa wakipiga pasi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna hatia kubwa zaidi. Mlipotufungulia mlango Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, mlitukuta na tabia mbaya ya kusikiliza pamoja. Wimbo mmoja ndani ya daladala ni wa abiria wote, wakiwemo waliosimama. Wimbo "Harusi" wa Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70 ukipigwa ukumbini, koo mbili nzima zinainuka kucheza. Nyinyi mnaandika moja, au sifuri ikiwa DJ ana nakala yake mwenyewe. Balisidya huyohuyo alikuja Sweden mwishoni mwa miaka ya 1970, akarekodi albamu ya Bado Kidogo na Archimedes Badkar, bendi ya hukuhuku. Alifariki mwaka 2004, kampuni yenu haijazaliwa. Tangu hapo hatoi wimbo mpya wala hashughulikii mashabiki. Huyo ni mtoro sugu.

Bahati nzuri dawa mnayo. Tangu mwaka 2024, rekodi isiyosikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 hailipwi kitu. Fungu lake linabaki chunguni, wagawane waliovuka mstari. Mlifafanua kwamba zilikuwa senti tu, ambazo mara nyingi hazimfikii msanii kwa sababu ya makato. Hoja imetulia: senti ikishindwa kumfikia mwenyewe, apewe mwenye noti.

Ili kukomesha utoro kabisa, napendekeza yafuatayo:

Kwanza, mwanamuziki mkongwe anayerejea aeleze kwa maandishi alikuwa wapi, na kwa idhini ya nani.

Pili, msikilizaji atakayebadili maoni baada ya wiki tatu atozwe faini, maana anavuruga takwimu.

Tatu, kila mgeni wa harusi asikilize wimbo kwenye simu yake kwa sekunde 30 kabla ya kupewa pilau.

Nne, wanamuziki marehemu wapewe onyo la mwisho.

Kama haya ni mazito, lipo pendekezo jepesi: mlipeni kila aliyesikilizwa, hata kama ni senti, na mwacheni mwanamuziki akae kimya mpaka awe na la kusema. Black Messiah ilichukua miaka 14. Tuliongoja tulibishana juu ya kila kitu ndani yake, isipokuwa muda tuliongoja.

Wenu mtiifu,
Msikilizaji,
Rinkeby.

Nakala: Wanamuziki wote wa zilipendwa, walio hai na waliotangulia, kwa taarifa.