Anaweza Kufanya Kazi Bila Kusimamiwa

Mwenye steshenari hadanganyiki kwa sivii, maana yeye ndiye anayezipika. Ndivyo alivyokuwa akijigamba mwandishi wa makala haya enzi zile alipokuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, jirani na chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Kompyuta yake ilikuwa na faili moja lililoitwa "SIVII MAMA". Mteja akija, jina linafutwa, jingine linaandikwa, sifa zinabaki zilezile: mchapakazi, mbunifu, anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, anapenda kusoma, mpira na kupata marafiki wapya. Shilingi 2,000, pamoja na kuprinti.

Siku alipotafuta msaidizi, akaziamini.

Kijana mwenyewe alifika kwenye usaili kabla ya saa mbili asubuhi. Shati limenyooshwa hadi mikunjo yake ingekata nyanya, tai nyekundu, viatu vinang'aa katikati ya vumbi la mtaa ule kana kwamba alibebwa mgongoni. Stashahada ya TEHAMA mkononi. Alipoulizwa anajiona wapi miaka mitano ijayo, alijibu kwa dakika nane: dira, ubunifu, kuongeza thamani. Mwandishi hakuelewa yote, ila kwa mara ya kwanza alijihisi ana kampuni. Mashine ya fotokopi ilikuwa hatua moja nyuma yao. Hakuna aliyemwambia aiguse.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliuandika ugonjwa huu wa kupofushwa na sifa moja. Maofisa wa jeshi walitakiwa kuwapa askari wao alama za umbo, akili, uongozi na tabia, kila kimoja peke yake. Ikaonekana kwamba aliyepata alama nzuri za umbo alielekea kuzoa pia za akili na tabia. Tai nyekundu nayo ilizoa zote.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, mteja akisema, "Kaka, naomba kopi ya kitambulisho," kijana aliinua macho kutoka kwenye simu taratibu, kama abiria aliyeamshwa Chalinze akidhani amefika Morogoro. Kitambulisho kilitolewa kopi upande mmoja. Upande wa pili uliombwa upya, na kwa heshima. Siku moja karatasi ilinasa ndani ya mashine. Badala ya kufungua kifuniko na kuivuta, aliandaa tangazo: MASHINE MBOVU. Kusema kweli lilikuwa tangazo zuri, herufi zimepangika, na alikuwa amelifanyia laminesheni ili lidumu.

"Baba," mama ntilie wa jirani akauliza, "yule kijana unamlipa, au yeye ndiye anayekulipa pango?"

Angekuwa mwizi, mambo yangekuwa rahisi. Hakuiba, hakuchelewa, hakugombana na mtu. Vyeti vyake vilikuwa halali pia. Aprili 2017 Serikali ilitangaza kuwa uhakiki umewabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Huyu angepita uhakiki huo akipiga mluzi. Hakuna ofisi inayohakiki moyo. Shirika la Gallup, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilisema ni asilimia 23 tu ya wafanyakazi duniani waliozama kazini kweli. Kwa hiyo kijana hakuwa kioja, alikuwa upande wa wengi.

Kinachouma ni kwamba dawa ilijulikana zamani. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walipitia tafiti za miaka 85 kuhusu namna ya kuchagua wafanyakazi. Miaka ya shule na ya uzoefu ilibashiri kidogo sana. Kumpa mwombaji kipande cha kazi yenyewe akifanye kulikuwa miongoni mwa vipimo bora kabisa. Hapa kipimo hicho kingegharimu karatasi moja iliyonasa.

Kuachana naye kulikuwa na muda wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita, kwa hiyo nusu mwaka wa kwanza ni wa kutazamana. Mwandishi alitumia miezi mitano akitunga sentensi ya kuanzia. Kabla haijakamilika, kijana akaleta barua ya kuacha kazi, safi, bila kosa hata moja. Kazi bora kuliko zote alizowahi kuifanyia steshenari ile, na kwa karatasi za steshenari.

Jioni hiyo sivii yake ilisomwa hadi chini kwa mara ya kwanza. Mahali ambapo dunia nzima huandika kusoma, mpira na marafiki wapya, yeye aliandika maneno mawili: kutengeneza simu.

Mwaka uliofuata kioo cha simu ya mwandishi kilipasuka, akaelekezwa kwa fundi mmoja Kariakoo. Hakuna tai. Kijana alikuwa ameinamia meza, bisibisi mkononi, taa usoni, na hakuinua kichwa.

"Kaa kwenye benchi, mzee. Kuna watatu mbele yako."

Kioo kilibadilishwa kwa dakika ishirini na tano. Shilingi 45,000, na hakupunguziwa hata mia.