Mshtakiwa ni Tundu

Sauti ikiharibika kwenye harusi ya Mji wa Kale, Mombasa, mkosaji hupatikana kabla ya biriani kupakuliwa. Utatajwa umeme, ati leo uko chini. Itatajwa mashine, ati ni ya bei rahisi. Atatajwa mwimbaji, ati anaimeza maiki. Na hakosekani mtu mzima wa kunong'ona kwamba uchochoro ule una wenyewe, na wenyewe hawapendi kelele baada ya saa sita za usiku. Mimi nawatetea wote hao, wenye uchochoro wakiwemo. Ninalolishtaki ni tundu: lile tundu kwenye sanduku la bati la amplifaya, lililotobolewa kwa kukisia ili soketi ya maiki ikae, na tangu siku hiyo soketi haijakaa, imeegemea tu.

Umeme una hoja ya kujibiwa, kwa sababu ule mvumo ni wake kweli. Umeme wa Kenya hugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na kinachovuma ndani ya spika ni mgeuko huo au maradufu yake. Lakini uko chini au uko juu si neno. Neno ni umepitia mlango gani hata ukaingia katikati ya wimbo. Soketi ya maiki ya pini 3, XLR, katika umbo lililoenezwa na kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein, hutaka tundu la duara la milimita 24, pamoja na vitundu viwili vya skrubu vilivyokaa mshazari, milimita 19 kwa upana na 24 kwa urefu. Ukipiga hesabu utaona kwamba kati ya ukingo wa tundu kubwa na kitundu cha skrubu hubaki bati la milimita moja na nusu hivi, basi. Tundu likiwa 23, soketi inagoma na nyundo inaitwa. Likipanuliwa kwa tindo hadi 27, soketi inaingia kwa raha zote, ila ule ukuta wa kushikia skrubu umekwisha. Skrubu moja inashika, ya pili inaonyesha nia. Waya ukivutwa na mtoto anayekimbilia pilau, soketi inazunguka kidogo, lehemu ya ndani inapasuka, na mwimbaji anaambiwa ameimeza maiki.

Hata fundi mwenye drili hayuko salama. Biti ya kawaida, ile ya kusokotwa, ikitumbukizwa kwenye bati jembamba hutoa tundu la pembe tatu. Si mzaha. Ncha ikishatokea upande wa pili hakuna tena cha kuishika katikati, biti huyumba juu ya makali yake mawili, na kifaa cha mviringo kinachora pembe tatu. Dawa yake ni biti ya ngazi, inayopanua tundu hatua kwa hatua, au kutoboa dogo kisha kumalizia na tupa ya mviringo kwa subira. Subira ndiyo isiyouzwa dukani.

Tuseme tundu limekuwa duara, na ni 24 kamili. Bado kuna rangi, na hapa Mombasa ina kesi yake ya peke yake. Katika soketi ile, pini ya 1 ndiyo inayobeba ganda la waya, ule wavu wa kinga. Mwaka 1995 mhandisi Neil Muncy alieleza katika jarida la Audio Engineering Society kwamba ganda hilo lisipofungwa kwenye bati la sanduku pale pale linapoingilia, likaachwa lipite hadi ndani ya saketi, takataka zote za umeme zilizookotwa njiani huingia nalo kwenye sauti. Sasa mtu wa kisiwani, anayejua kusi inavyoleta chumvi hadi kwenye komeo la dirisha, hupaka sanduku lake rangi ya mafuta mikono miwili, na mkono wa tatu kwa ajili ya majirani. Soketi huwekwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwa hiyo sanduku lote, ambalo kazi yake ni kuwa ngome ya sauti, linabaki pambo tu, na uzuri wake ndio unaovuma. Ukiikwangua rangi, kutu inakuja. Ukiiacha, mvumo unabaki. Njia ipo: kwangua pale panapofunikwa na soketi tu, weka washa yenye meno chini ya nati, paka grisi kidogo ukingoni, kaza. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna mgeni wa harusi atakayeisifu.

Wapo watakaosema jicho la fundi linatosha. Hoja hii huja ikiwa imeshika mkono wa milango ya nakshi ya Mji wa Kale, ati nani aliyepima ile? Aliipima fundi aliyeichonga. Maua yale ya duara yanayolingana ni kazi ya bikari na rula. Jicho lilikuja baadaye, kukagua. Na fundi bati wa Mombasa si mtu wa kudharauliwa. Hufua seredani, mifereji ya mvua na masanduku ya shule, kazi ambazo milimita mbili hazina ubaya. Sanduku la shule likipinda milimita mbili, mwanafunzi hafukuzwi. Soketi haina huruma hiyo.

Wengine husema nunua sanduku la plastiki, halishiki kutu. Kweli, wala halizuii kitu. Simu ya mgeni itaita, na ile tititi-tititi itasikika kwenye spika kabla yeye mwenyewe hajaisikia mfukoni. Wengine hawataki soketi kabisa: pitisha waya kwenye tundu, piga fundo kwa ndani, yaishe. Fundo hilo lina wapenzi wengi kuliko linavyostahili. Waya ukikatika, sanduku zima lafunguliwa katikati ya sherehe, huku ndani mna volti 240 zinazosubiri kidole. Na asije mtu akasema soketi na vipimo ni mambo ya kigeni. Hata tashkota, kinanda cha nyuzi, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kwa jina la taishogoto. Pwani hii ikaipokea, ikaitia umeme, ikaifanya mtu wa nyumbani katika taarab ya Mombasa. Waliokiweza kinanda kizima hawawezi kushindwa na tundu.

Nikilibana tundu hili litoe siri, litamtaja mteja. Yeye ndiye hupeleka oda ya sanduku Jumatatu, akalichukua limekwisha kunjwa na kupakwa rangi, kisha ndiyo aende kutafuta soketi madukani. Bati lililokunjwa halitoboleki vizuri: drili haipati nafasi, na tundu lililo karibu na mkunjo limekosa uwanda wa kulaza soketi. Hata likitobolewa mapema, kukunja hulivuta bati, kipimo kikasogea, na tundu lililo karibu mno na mkunjo likageuka yai. Kwa hiyo, ndugu mteja, nunua soketi kwanza, pamoja na skrubu zake. Mpe fundi mkononi kabla hajagusa mkasi, mwambie atoboe bati likiwa bado tambarare, mbali na mkunjo, na rangi ije mwisho. Ukiona anaitazama soketi, anafumba jicho moja, kisha anaokota tindo, ichukue urudi nayo nyumbani.