Jinsi ya Kumtoa Jasho Mwenyekiti Bila Kuvunja Sheria

Ukiwa mkazi wa kijiji chochote cha Kibaha au Kisarawe na unataka mwenyekiti wako akuheshimu, huna haja ya kupiga kelele wala kwenda kwa mganga. Hudhuria mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inamtambua kila mkazi aliyefikisha miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikipita kimya, nenda ofisini kwa mtendaji, msalimie kwa adabu, umuulize mkutano lini. Kesho yake rudi, kwa adabu ileile.

Siku ya mkutano wahi, ukae mbele. Waliojibanza nyuma kwenye kivuli cha mwembe husikia nusu ya maneno na kupiga makofi yote. Karatasi ya mahudhurio ikikufikia, tazama juu kabla hujasaini: pana tarehe? Pana ajenda? Kama hapana, omba ziandikwe mbele yako. Saini yako kwenye karatasi tupu inaweza kuja kusema uliridhia jambo ambalo hukulisikia kabisa.

Swali la mapato na matumizi usiliweke hadi "mengineyo". Ajenda hiyo hufikiwa jua likiwa la utosi, kina mama wameshaondoka kwenda kuinjika ugali, na mwenyekiti anatafuta mtu wa kufunga kikao kwa dua. Uliza mapema, kwenye yatokanayo, na utaje kiasi: tulichanga shilingi ngapi za choo cha shule, na mifuko ya saruji iko wapi?

Likija suala la ardhi, hapo uwe mgumu kama mpingo. Kisarawe wanajua kwa nini. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka kwenye vijiji 11, ikapanda mibono ya kutengenezea mafuta. Wanakijiji waliahidiwa ajira, visima na zahanati. Mwaka 2011 kazi ikasimama, mamia ya vibarua wakabaki bila ajira, na ahadi nyingi zikabaki ahadi. Ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya jumla, kijiji hakina tena mamlaka juu yake, hata mwekezaji akiondoka. Kwa hiyo mgeni akija na ramani na tabasamu, mwambie hivi: "Karibu sana, ndugu. Kisima hicho kitachimbwa wapi, lini, na kimeandikwa ukurasa wa ngapi wa mkataba?" Asipokuwa na ukurasa, omba kikao kiahirishwe. Kuahirisha si uchawi, wala hakumfukuzi mwekezaji mwenye nia njema.

Halafu mtafute jirani yako mwanamke anayejua mipaka ya mashamba yote ya korosho hapo kijijini, umsukume asimame aseme. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao lazima wawe wanawake. Hawakuwekwa pale wapike chai ya wageni.

Kabla watu hawajatawanyika, dai maazimio yasomwe kwa sauti. Penye tarakimu, dai zirudiwe mara ya pili, nawe uzinakili kwenye daftari lako.