Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Kikao cha Chama

Kwa Mheshimiwa Kikao cha Chama cha Madiwani,
Chumba cha ndani, mlango uliofungwa,
Katavi.

YAH: OMBI LA KUHAMISHIA BARAZA LA MADIWANI KWAKO

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mlipa ushuru wa hapa Mpanda, na naanza kwa pongezi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka 1982 inaitaka kila halmashauri ikae kikao maalumu kupitisha bajeti yake kabla mwaka wa fedha haujaanza. Walioitunga walidhani kitabu cha bajeti kinene namna ile kitahitaji mabishano. Hawakukufahamu wewe. Wewe huwaita madiwani wa chama mapema kwenye chumba chako cha ndani, mkabishana huko, mkaonyana huko. Kesho yake Mwenyekiti wa Halmashauri anauliza wanaoafiki, ukumbi unaitika "ndiyooo", na wataalamu wanawahi chakula cha mchana. Sisi wa viti vya nyuma, ambao sheria inaturuhusu kuingia na kusikiliza, tunaletewa kiporo.

Mfikirie diwani ambaye wananchi wake wamechanga tofali na saruji hadi boma la zahanati likafika kwenye lenta. Linasubiri bati. Anafungua kitabu cha bajeti: bati hakuna, ila semina ipo. Akinyamaza, atawajibu nini waliochanga? Akisimama barazani, ataambiwa amekidhalilisha chama mbele ya watu. Litafuata onyo, kisha karipio, na msimu wa kura za maoni ukifika jina lake litakatwa. Akifukuzwa uanachama ndiyo basi, kata nayo imekwenda, kwa kuwa nchi yetu haina mgombea binafsi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, ambayo makao yake yako hapo hapo Arusha, ilimpa ushindi Mchungaji Christopher Mtikila katika jambo hilo. Hukumu tumeihifadhi vizuri sana.

Miezi miwili tu baadaye, Agosti 2013, wenzako wa Kagera walitupa somo la vitendo. Madiwani wanane wa CCM wa Manispaa ya Bukoba, waliokuwa wakimhoji Meya wa chama chao wenyewe kuhusu miradi ya mji, walifukuzwa uanachama kwa mpigo na chama mkoani. Ikabidi Kamati Kuu iingilie kati kuwanusuru. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipokuja kufukua vitabu, ripoti yake ikatolewa Januari 2014, na Meya akatangaza kujiuzulu. Kumbe wale wanane walikuwa na la kusema! Lakini hilo ni jambo dogo, Mheshimiwa. Kosa lao ni kulisema kabla ya Mkaguzi.

Na asije mtu akadhani nakisema chama kimoja. Mwaka 2011 CHADEMA iliwavua uanachama madiwani wake watano wa Arusha kwa kuingia muafaka wa umeya bila baraka za makao makuu. Kata nne zikabaki bila diwani (wa tano alikuwa wa viti maalumu), na wananchi wake hawakuulizwa. Chama kinachodai demokrasia nchi nzima nacho kina chumba chake cha ndani.

Sasa turudi kwetu. Mpanda hii ndiyo iliyompeleka Said Arfi wa CHADEMA bungeni mwaka 2005 kupitia jimbo la Mpanda Kati, ikamrudisha tena 2010. Watu wa hapa hawaogopi kubishana. Ila tangu uchaguzi wa 2020, katika mabaraza mengi ya nchi hii ukimtafuta mpinzani utamkosa. Aliyebaki wa kuhoji bajeti ni diwani wa chama tawala, na mahali pekee anapoweza kuhoji bila kuhatarisha kata yake ni kwako. Yaani swali kuhusu ushuru wa mpunga wa Kakese, au kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, linaulizwa mahali ambapo mkulima wa Kakese haruhusiwi kukanyaga.

Kwa hiyo naomba mambo yafuate ukweli ulivyo. Bajeti inapitishwa kwako, basi wananchi tuje kwako. Tuwekee benchi moja nyuma, waandishi wa habari nao wapate viti viwili, na muhtasari ubandikwe ubao wa matangazo wa kila kata: nani aliuliza nini, nani alimwambia akae chini. Kama hilo ni zito, basi waache madiwani wabishane barazani kama sheria inavyotaka, na asiitwe msaliti aliyesema "siyo" kwenye fedha zetu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mlipa ushuru, Mpanda.

Nakala:
Mabaraza ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika – kwa utekelezaji.
Wapiga kura – kwa taarifa tu, kama kawaida.