Tela Halina Rivasi

Babu yangu aliswaga mkokoteni wa ng'ombe Shinyanga miaka nenda rudi, akibeba pamba, mtama na wakati mwingine wagonjwa, na sikumwona hata siku moja akiurudisha nyuma. Nilidhani ni mazoea ya wazee.

Nilikuja kumwelewa nikiwa na mvi zangu, nimeshika usukani wa pikapu ya kuazima, navuta tela la magurudumu mawili. Mdogo wangu ana karasha la kusagia mawe ya dhahabu Katoro, mkoani Geita, na karasha bila mota na gololi ni pipa tu. "Kaka, wewe endesha," aliniambia kwenye simu. "Tela litakufuata lenyewe."

Kufuata lilifuata. Vijana wa kupakia waliweka magunia ya gololi mkiani kabisa, eti yashuke haraka tukifika, nami nikawasifu kwa akili. Tulipopita Maganzo, mji unaokula kwa almasi za Mwadui, mshale ukagusa 80 nikahisi kiti kinanitikisa kiuno. Kutazama kioo, tela linacheza bugobogobo: kushoto, kulia, kushoto, na kila zamu linaongeza mbwembwe. Ilinibidi nisikanyage breki, lakini hilo sikulijua. Kilichoniokoa ni kwamba mguu wangu ukiogopa huganda. Uliachia mafuta, ukabaki hewani ukitafakari. Usukani niliushika umenyooka, mwendo ukashuka, ngoma ikaisha yenyewe.

Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu alisimama, akachungulia mzigo, akacheka mpaka akashika goti.

"Mzee wangu, mkia ukiwa mzito unanyanyua ndoano. Gari linakuwa halina mgongo. Mzigo zaidi ya nusu uutangulize mbele ya ekseli, lakini usiubebeshe ndoano wote." Akaongeza kwamba ningekanyaga breki kwa hofu, tela lingekuja kunisalimia dirishani. Tukahamisha magunia mchana kweupe, jua la Shinyanga likitusimamia. Kabla hajaondoka aliuvuta mnyororo wa usalama, ambao mimi nilikuwa nimeuviringisha vizuri ndani ya tela usichafuke, akaufunga mahali pake bila kusema neno. Ukimya ule uliniuma kuliko kicheko.

Kuanzia hapo niliapa mambo mawili: sitazidi 60, na sitarudi nyuma. Usagara nilichagua mgahawa kwa kutazama njia ya kutokea. Wali wenyewe tusiuzungumzie. Kigongo zamani tulipanga foleni ya kivuko, na ungeweza kuambiwa sogea, rudi, sogea tena. Tangu Juni 2025 kuna daraja hadi Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, nami nililipenda kwa sababu ambayo nadhani wahandisi hawakuiwaza: juu yake hakuna wa kukuambia urudi nyuma.

Katoro nikaingia kichochoro cha karasha kwa madaha. Mbele, rundo la mawe ya dhahabu limeziba njia. Hakuna kugeuza.

Wachimbaji wakaacha kazi. "Kata kulia!" "Kulia kwa gari au kwa tela?" Swali la haki kabisa, maana ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto, na wewe unabaki ukilaumu kioo. Nusu saa nzima nilisogea na kurudi. Tela liliingia kwa mama ntilie, likatoka, likaingia tena kama mteja aliyesahau chenji. Mama akahamisha sufuria la maharage kimyakimya, mara mbili.

Nyuma ya umati alisimama kijana na mkokoteni wa maji, ng'ombe wawili, fimbo begani.

"Shikamoo, mzee. Kwani hilo halifunguki?"

Tukatazamana. Pini ikachomolewa, mnyororo ukafunguliwa, vijana wanane wakaligeuza tela kwa mikono kabla sijazima injini. Nikamwita nimpe ya soda, nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Sijajifunza, mzee," alisema, akiwapigia ng'ombe mbinja. "Nilitaka kupita."